Bwawa la chumvi limekosa klorini: kagua hivi kabla hujanunua seli mpya

Taa nyekundu imewaka kwenye boksi linaloendesha mashine ya chumvi, maji yameanza kupoteza mng'ao wake, na ukipapasa ukuta wa bwawa vidole vinateleza. Wazo la kwanza la watu wengi ni kwamba seli, yaani kile kipande cha kwenye bomba kinachotengeneza klorini, imekufa. Seli ndiyo kipuri ghali kuliko vyote kwenye mfumo huu, na nimeshika mikononi zaidi ya moja iliyotupwa ilhali haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa ndani ya maji. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza kwenye maji, unapita kwenye bomba, na seli yenyewe inakuja karibu na mwisho.

Ujue unachokikagua

Bwawa la chumvi ni bwawa la klorini kama mengine, ila klorini yake hutengenezwa pale pale badala ya kumwagwa kutoka kwenye dumu. Maji yenye chumvi kidogo hupita ndani ya seli, katikati ya mabamba ya titaniamu yaliyopakwa oksidi za madini adimu, na umeme wa DC wa volti ndogo huigawa chumvi. Upande mmoja hutoka klorini, ambayo huyeyuka papo hapo na kuanza kazi. Upande wa pili hutoka gesi ya haidrojeni, ile inayoonekana kama vipovu vidogo vyeupe. Klorini ikishaua vijidudu au ikishavunjwa na jua, hurudi kuwa chumvi, kisha mzunguko unaanza upya.

Kutokana na hayo shika mambo mawili. Chumvi haiishi kwa kutumika, wala haipai hewani pamoja na maji. Hupungua kwa maji kutoka tu: kurukaruka kwa waogeleaji, kuosha filta, mvua inayofurisha bwawa, au ufa. Pia haidrojeni ni gesi inayolipuka, kwa hiyo seli haipaswi kuwaka hata dakika moja maji yakiwa yamesimama. Mtu akikushauri uziunganishe moja kwa moja nyaya za swichi ya mtiririko, ile inayozima seli maji yasipopita, ili "mashine ifanye kazi", usimsikilize.

Kuhusu vipimo, nitatumia ppm, yaani sehemu katika kila sehemu milioni. Kwa bwawa, 1 ppm ni sawa na gramu 1 katika kila lita 1,000. Hesabu zote hapa chini zinatoka hapo, na ukilijua bwawa lako lina lita ngapi utazifanya kichwani. Zidisha urefu kwa upana kwa wastani wa kina, vyote kwa mita, kisha zidisha kwa 1,000. Bwawa la mita 8 kwa 4 lenye wastani wa kina cha mita 1.5 lina lita 48,000. Nitalitumia hilo kama mfano.

Hatua ya 1: Pima maji, usiipime taa

Chota maji kwa kuzamisha chupa mpaka usawa wa kiwiko, mbali na midomo inayorudisha maji bwawani. Maji ya juu juu yana hadithi yake yenyewe. Pima haya yote kwa siku moja na uyaandike:

Klorini huru (ile iliyo tayari kufanya kazi), pH, ualkali (uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe), ugumu wa kalsiamu, asidi ya sayanuriki, na chumvi.

Chumvi ipime kwa kifaa kingine, iwe karatasi za kupimia au mita ya mkononi. Usitosheke na namba inayoonyeshwa na boksi. Boksi halipimi chumvi, linakisia. Hutazama umeme unaopita kwenye mabamba na joto la maji, kisha linapiga hesabu. Mabamba yakiwa machafu, maji yakiwa ya baridi, au kihisi cha joto kikiwa kimeharibika, namba hiyo itakuwa ya uongo japo imeandikwa vizuri kwenye kioo.

Kwa upande wa klorini kuna mtego mmoja ambao uliwahi kuninasa mwenyewe. Kwa siku tatu nilikuta kipimo kinasoma sifuri, na kila siku nikaongeza klorini. Siku ya tatu nguo ya kuogelea ya bluu ikatoka majini ikiwa na mabaka meupe. Klorini haikuwa sifuri hata kidogo, ilikuwa nyingi kupita kiasi. Dawa ya kipimo inayogeuka waridi hupaushwa rangi klorini inapopita kama ppm 10, na maji ndani ya mrija yanabaki meupe kama vile hamna kitu. Tazama kwa makini unapodondosha dawa: ikiwa waridi inatokea kwa nukta ya sekunde kisha inatoweka, umezidisha. Kuhakikisha, changanya nusu ya maji ya bwawa na nusu ya maji safi ya chupa yasiyo na klorini, pima tena, kisha zidisha jibu kwa 2.

Sasa asidi ya sayanuriki, kipimo ambacho wengi hukiruka na ambacho, kwa maoni yangu, ndicho chenye majibu mengi kuliko vyote. Hii ni dawa inayoikinga klorini na jua. Bwawa la wazi lisilokuwa nayo hupoteza sehemu kubwa ya klorini yake ndani ya saa chache za jua kali. Mashine itazalisha mchana kutwa na jua litakula mchana kutwa, na wewe utailaumu seli. Kwenye bwawa la chumvi lenga ppm 60 hadi 80. Kipimo chake ni kile cha kumimina maji yaliyogeuka maziwa kwenye mrija wenye nukta nyeusi chini. Simama nje kwenye mwanga, lipe jua mgongo, shika mrija usawa wa kiuno, na mimina polepole mpaka nukta isionekane. Usiukodolee macho muda mrefu, maana jicho linaloijua nukta ilipo litaendelea kuiona hata ikiwa imepotea.

Kila unavyoongeza kinga hiyo, klorini nayo inazidi kuwa nzito kufanya kazi, kwa hiyo klorini huru iwe karibu asilimia 5 ya namba ya sayanuriki. Ukiwa na 70, klorini isishuke chini ya 3.5. Mtu mwenye sayanuriki ya 150 anayeshikilia klorini ya 2 kwa sababu karatasi ya vipimo imesema "sawa" atapata maji ya kijani, na mashine haihusiki. Hali hiyo huwapata zaidi wanaosaidia mashine kwa vidonge vya klorini vinavyoyeyuka polepole. Vidonge hivyo vingi vina sayanuriki ndani yake: kila ppm 10 za klorini zinazotoka humo zinakuja na kama ppm 6 za sayanuriki. Dawa yake ni kumwaga sehemu ya maji na kujaza mapya.

Vipimo vilivyobaki nitavipitia haraka. pH iwe kati ya 7.2 na 7.8, ualkali kati ya 60 na 100, na kalsiamu kati ya 200 na 400 kwa bwawa la plasta. Tutavirudia tukifika kwenye ukoko wa chokaa unaoganda ndani ya seli.

Hatua ya 2: Je, klorini haizalishwi, au inaliwa?

Hili ndilo swali lenyewe. Ukiwa na klorini ndogo, kuna mawili tu: ama mashine haitoi ya kutosha, au inatoa na kuna kitu kinakula. Kuna vipimo viwili vya kujibu, na vyote havihitaji spana.

Kipimo cha kwanza ni cha usiku. Jua likishazama, pima klorini huru na uandike. Kama ni chini ya 3, ongeza klorini ya maji kwanza ifike 5 au zaidi, acha pampu izungushe kwa saa moja, ndipo upime. Zima mashine ya chumvi, pampu iendelee. Amka kabla jua halijagusa maji, pima tena. Usiku hakuna jua la kuvunja klorini. Ikiwa imepungua zaidi ya ppm 1, kuna kitu hai ndani ya maji kinachoila, na mara nyingi ni mwani ambao bado haujaonekana kwa macho. Ikiwa imepungua chini ya hapo, maji yako ni safi na mlaji wako ni jua.

Kipimo cha pili ni cha kwenye mdomo wa kurudishia maji. Washa mashine iwe asilimia 100, subiri dakika 15, chota maji mbele kabisa ya mdomo huo, kisha chota mengine katikati ya bwawa. Pima yote mawili. Maji ya mdomoni yakiwa na klorini zaidi kuliko ya katikati, seli inazalisha, weka bisibisi chini. Yakiwa sawasawa, haizalishi. Kama seli yako ina kasha la kuona ndani, chungulia pia: seli inayofanya kazi hutoa ukungu mweupe wa vipovu vidogo sana katikati ya mabamba, kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Kumbuka tu kwamba mashine nyingi hutekeleza "asilimia 50" kwa kuwaka na kuzimika kwa zamu, kwa hiyo ukichungulia wakati wa mapumziko yake utaona maji matupu na kupata hofu ya bure.

Majibu mawili hayo yanakupeleka njia tofauti. Inazalisha lakini usiku klorini inaliwa: tibu maji, nenda kwenye sehemu ya mwani hapo chini. Inazalisha, usiku haipungui, lakini mchana haitoshi: nenda hatua ya 3. Haizalishi kabisa: ruka mpaka hatua ya 4.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya muda

Kwenye kibati cha mashine kumeandikwa inatoa gramu ngapi za klorini kwa saa. Tuseme ni 20. Ukiiweka asilimia 50 na pampu ikazunguka saa 8, unapata 20 × 0.5 × 8, yaani gramu 80 kwa siku. Bwawa letu la lita 48,000 linahitaji gramu 48 kwa kila ppm 1. Kwa hiyo mashine inaongeza kama ppm 1.7 kwa siku.

Bwawa la wazi lenye sayanuriki ya kutosha linaweza kupoteza ppm 2 hadi 4 kwa siku ya jua kali. Unaona tatizo liko wapi: mashine ni nzima, taa ni ya kijani, lakini kila siku unakula akiba. Pandisha asilimia au ongeza saa za pampu, pima baada ya siku mbili. Wengi hupunguza saa za pampu ili kuokoa umeme na kusahau kwamba seli huwaka tu pampu ikiwaka.

Taima nayo itazame. Umeme ukikatika, saa ya taima hubaki nyuma, na pampu inayodhaniwa kuzunguka mchana inazunguka usiku wa manane kwa saa tatu. Nimewahi kuitwa kwa "seli iliyokufa" ambayo ilikuwa na taima tu iliyopotea.

Hatua ya 4: Taa ya chumvi imewaka

Mashine nyingi za nyumbani hutaka chumvi ya ppm 2,700 hadi 3,400, zipo pia zinazotaka hata zaidi ya 4,000, hivyo soma kitabu chake. Maji ya bahari yana kama 35,000, kwa hiyo usitegemee ulimi.

Linganisha namba ya boksi na ya kipimo chako cha mkononi. Zikikubaliana kwamba chumvi imepungua, ongeza. Kilo 1 katika lita 1,000 hupandisha ppm 1,000. Bwawa letu likiwa na 2,600 nasi tunataka 3,200, pengo ni 600: lita elfu 48 mara 0.6, sawa na kilo 28.8. Weka kilo 25 kwanza, upime kesho yake. Kuongeza ni rahisi, kupunguza ni kumwaga maji. Tumia chumvi safi isiyo na madini ya joto wala dawa ya kuzuia kugandamana. Zima seli, pampu iendelee, mwaga chumvi kuzunguka bwawa na uisukume kwa brashi mpaka iyeyuke. Usiimwage kwenye skima, ule mdomo wa ukutani unaovuta maji ya juu kwenda kwenye pampu, itapita kwenye seli ikiwa nzito kama uji. Washa seli baada ya saa 24. Na kama bwawa lina plasta mpya, ngoja siku 30 kabla ya kutia chumvi.

Kabla hujamwaga hiyo kilo 25, jiulize ile chumvi ilienda wapi. Kama haikunyesha mvua kubwa na hujaosha filta mara nyingi, bwawa linavuja. Weka ndoo yenye maji kwenye ngazi ya bwawa, maji ya ndani na ya nje yawe usawa mmoja, weka alama. Baada ya siku moja, yakishuka zaidi ya bwawa kuliko ya ndoo, si jua lililoyapaisha.

Namba zisipokubaliana, boksi likisema 2,300 na kipimo chako kikisema 3,200, usiongeze chumvi hata punje. Hapa ndipo watu hujiharibia: wanalisha boksi chumvi mpaka linaridhika, kisha siku wakiosha seli inasoma 4,500 na mashine inajizima kwa kuzidiwa. Sababu za kweli ni tatu. Maji ya baridi hupitisha umeme kidogo, na mashine nyingi hujizima au kupunguza kazi joto la maji likishuka chini ya nyuzi 15 hivi. Wakati huo mwani nao haukui kwa kasi, kwa hiyo tumia klorini ya maji na usubiri. Sababu ya pili ni ukoko kwenye mabamba. Ya tatu ni seli iliyochakaa. Hatua ya 6 inazitofautisha hizo mbili.

Ikiwa kweli imezidi, sehemu ya maji ya kubadilisha ni tofauti gawanya kwa kiasi kilichopo. Kutoka 4,500 kwenda 3,200 ni 1,300 gawanya kwa 4,500, karibu asilimia 29 ya maji.

Hatua ya 5: Taa ya mtiririko

Taa hii inasema maji hayapiti vya kutosha. Anza na visivyo na gharama: usawa wa maji usiwe chini ya mdomo wa skima, kikapu cha skima, kikapu cha pampu, geji ya filta. Geji ikiwa imepanda bar 0.5 hivi juu ya pale inaposimama filta ikiwa safi, ioshe. Baada ya hapo tazama vali, maana mara nyingi mtu amezifunga nusu siku ya usafi akasahau.

Mtiririko ukiwa mzuri na taa bado inawaka, swichi yenyewe ndiyo mshukiwa. Zima umeme, ifungue, tazama ule ulimi mdogo wa plastiki: unaweza kuwa umenasa nyuzi, umevunjika, au swichi imefungwa ikitazama kinyume. Kwenye mwili wake kuna mshale, nao uelekee maji yanakoenda. Mashine zisizo na ulimi hutambua gesi inayojikusanya juu ya seli, na hizo husumbuka pampu inapovuta hewa. Ukiona vipovu vikubwa vikitoka bwawani, kaza mfuniko wa pampu na upake oringi yake grisi ya silikoni.

Hatua ya 6: Fungua seli

Zima umeme kwenye swichi kuu, si kwenye kitufe cha boksi. Funga vali, fungua yunioni mbili za seli (viungio vyake vya kuzungusha) kwa mkono, itoe na uitazame ukielekeza tundu lake kwenye mwanga kama mtu anayechungulia bunduki.

Mabamba mazima yana rangi ya kijivu iliyokolea, na nafasi kati yake ziko wazi mpaka unaona upande wa pili. Ukoko wa chokaa ni mweupe, huanzia pembeni mwa mabamba na kuota kwa ndani kama ule unaofunika birika la maji ya kisima. Ukiwa mwingi hujenga daraja kati ya bamba na bamba. Ukiona majani, kokoto au nyuzi za brashi, zitoe kwa maji ya mpira. Usichokonoe kwa bisibisi, kisu wala waya: ile rangi ya juu ni mipako yenyewe inayofanya kazi, na ukiikwangua huirudishi.

Kama hamna ukoko, usioshe. Kila mwosho wa asidi hula kidogo ya mipako hiyo, na kuosha "kwa desturi" kila mwezi ni kuifupishia seli maisha.

Kama upo, jaribu kwanza maji ya mpira yenye nguvu. Ukibaki, vaa glavu na miwani ya kukinga, kaa nje pasipo upepo wa usoni. Weka sehemu 4 za maji kwenye ndoo ya plastiki, kisha mimina ndani yake sehemu 1 ya asidi ya bwawa (asidi ya hidrokloriki). Asidi ndiyo inayofuata maji, kamwe maji yasifuate asidi. Ziba mdomo mmoja wa seli kwa kifuniko chake, isimamishe, mimina mchanganyiko mpaka ufunike mabamba bila kugusa mahali nyaya zinapoingia. Itachemka na kutoa povu kwa sauti kama ya soda. Povu likinyamaza, kazi imekwisha. Kwa kawaida ni dakika 5 hadi 10, usipitishe 15. Suuza sana. Asidi uliyotumia usiihifadhi karibu na klorini, wala usizichanganye: gesi inayotoka inaua.

Irudishe, washa, subiri robo saa, tazama tena namba ya chumvi ya boksi. Ikipanda ikakaribiana na kipimo chako, ukoko ndio uliokuwa unakudanganya.

Ukoko ukirudi ndani ya wiki chache, usilaumu seli. pH ya bwawa la chumvi hupanda yenyewe, kwa sababu vipovu vya haidrojeni huyatikisa maji na kufukuza kaboni dioksidi. Ualkali ukiwa mkubwa inapanda kwa kasi zaidi, ndiyo maana nimesema 60 hadi 100, na mwenyewe hupenda kukaa karibu na 70. Shusha pH kwa asidi kila inapofika 7.8, usingoje 8.2. Vile vipande vyeupe vyembamba vinavyotapakaa sakafuni mwa bwawa kama ganda la yai ni ukoko huo huo: mashine hugeuza pande za umeme kila baada ya saa chache ili kuubandua, na unapobanduka huishia bwawani. Watu huuita uchafu wa filta na kubadilisha mchanga bure.

Hatua ya 7: Nyaya na boksi

Hapa ninafupisha makusudi. Kwa mtu asiye fundi umeme, kazi inayokubalika ni hii: zima swichi kuu, chomoa plagi ya seli, tazama pini zake. Kutu ya kijani, plastiki iliyoyeyuka au weusi wa kuungua maana yake umeme haukupita vizuri na joto likajikusanya pale. Tazama fyuzi ya nje kama ipo, na ubadilishe kwa ukubwa ule ule. Mijusi na sisimizi hupenda joto la boksi, na mjusi aliyekaukia juu ya ubao wa saketi ni ugonjwa wa kawaida kuliko unavyodhani. Zaidi ya hapo, mwite fundi umeme.

Hatua ya 8: Hukumu ya seli

Seli imekufa ukiwa na haya yote kwa pamoja: chumvi imethibitishwa kwa kipimo cha nje, maji si ya baridi, mabamba ni masafi, mtiririko ni mzuri, plagi ni safi, boksi linatoa umeme, na bado ampea ziko chini sana ya zilizoandikwa kitabuni huku maji ya mdomoni yakiwa na klorini sawa na ya katikati. Likikosekana hata moja, rudi ulikague.

Umri nao hutoa ushahidi. Seli nyingi hukadiriwa saa 10,000 za kuwaka. Ukiiwasha saa 8 kwa siku kwa asilimia 100, hiyo ni miaka 3 na miezi kadhaa. Kwa asilimia 50, inakaribia 7. Kwa hiyo ukinunua nyingine, nunua yenye uwezo zaidi ya bwawa lako, uiendeshe polepole.

Mwani umeshaingia?

Usiitume mashine kuusafisha. Kuua mwani kwenye bwawa lenye sayanuriki ya 70 kunahitaji klorini ifike karibu 28 na ikae hapo. Kwa bwawa letu hizo ni gramu 1,344, na seli ya gramu 20 ingehitaji saa 67 bila kupumzika, huku mwani ukila kila kinachotoka. Shusha pH iwe 7.2 kabla ya kuanza, kwa sababu kipimo cha pH hakiaminiki klorini ikipita 10. Zima seli. Tumia klorini ya maji: lita 1 ya asilimia 10 hupandisha kama ppm 2 kwenye lita 48,000. Piga brashi kuta na nyuma ya ngazi kila siku, osha filta geji ikipanda, rudishia klorini kila inaposhuka. Mtu asiogelee. Unaacha pale tu maji yanapong'aa mpaka chini na kipimo cha usiku kinapoteza ppm 1 au pungufu.

Klorini ikishuka yenyewe hadi 5, washa mashine. Kama seli ni mpya au imetoka kuoshwa, usiirudishie asilimia uliyoizoea wakati inaumwa, itakupaushia nguo. Anza na 40, pima baada ya siku mbili kwa saa ile ile ya jioni, kisha panda au shuka kwa 10 mpaka namba itulie.